Lifti ya anga

Lifti ya anga, au asanseri kama wasemavyo Kongo, ni wazo la kusimika kebo kwenye ikweta ipande kupita kimo cha kilomita 35,786, ambako setilaiti hubaki juu ya sehemu ileile ya Dunia. Mzigo uliofungwa ncha ya juu ungeivuta kebo ikaze, na vyombo vingeikwea bila roketi. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi aliwaza mnara wa namna hiyo mwaka 1895; Yuri Artsutanov akapendekeza kebo mwaka 1960.

Kikwazo ni uzito wa kebo yenyewe, jambo wanalolielewa vizuri wachimbaji wa ukanda wa shaba wa Kongo. Shimo namba 5 la mgodi wa Kipushi lina kina cha mita 1,240, na humo kamba ya chuma hubeba kizimba, mzigo na uzito wake yenyewe. Kamba hiyo ikirefushwa makumi machache ya kilomita, hukatika hata bila mzigo. Nanotubu za kaboni, yaani mirija myembamba mno, zina nguvu ya kutosha kinadharia, lakini bado hutengenezwa fupi mno.

Mahali pa kuisimika pia ni muhimu: mji wa Kasaji, kwenye reli ya Kolwezi kwenda Dilolo, uko digrii 10 hivi kusini mwa ikweta. Maeneo ya Mbandaka, karibu na ikweta, yangefaa zaidi.

Kampuni ya Obayashi ya Japani ilitangaza mwaka 2012 nia ya kuijenga ifikapo 2050, kwa kebo ya kilomita 96,000. Sheria za fizikia haziikatazi. Kwa chuma, haiwezekani.