Kikambala, Alhamisi ya 28 Novemba 2002



Kamati ya yubile ilituomba tuandike kuhusu siku moja katika miaka ya nyuma, ili vijana waliojiunga na kwaya juzijuzi wapate kujua watu wa Kikambala waliishi vipi, fedha zao zilikwenda wapi, walistarehe kwa nini na walisikia habari gani. Siku za furaha zipo nyingi, na picha zake mtaziona katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumechagua Alhamisi, 28 Novemba 2002. Ndiyo siku jina la kijiji chetu lilipotajwa katika redio za dunia nzima. Tena, miongoni mwa watu waliokufa siku hiyo walikuwamo watu waliokuwa kazini wakiimba. Kwaya isipowakumbuka waimbaji, nani atawakumbuka?

Asubuhi kama nyingine

Wakati huo hatukuwa na kaunti. Tulikuwa Wilaya ya Kilifi, Mkoa wa Pwani, na mbunge wetu alikuwa wa Bahari. Mwezi wa Novemba ulikuwa unakwisha, mvua za vuli zikipungua na joto likipanda. Maembe yalikuwa yameanza kujaa: boribo, dodo na ngowe zilipangwa kwa mafungu kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi.

Ilikuwa Ramadhani, na majirani zetu Waislamu walikuwa wameingia kumi la mwisho la mfungo. Kwa hiyo vibanda kadhaa vya mahamri na mbaazi vilikuwa vimefungwa asubuhi, vikingoja magharibi. Sisi Wakristo tulikuwa tunahesabu siku tatu tu kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nyumba zenye mfungo na nyumba zenye mazoezi ya nyimbo za Noeli zilikuwa ukuta kwa ukuta, kama zilivyo hadi leo.

Watu walikwenda kazini mapema. Wengine walishika njia ya Vipingo kwenye mashamba ya mkonge, wengine walipanda matatu kwenda Mtwapa na Mombasa. Matatu za siku zile hazikuwa na mikanda wala idadi ya abiria. Sheria za Waziri Michuki zilikuja Februari 2004. Kabla ya hapo makanga aliita hadi mlango ukakataa kufungika. Pikipiki za bodaboda hazikuwa zimeenea. Aliyetoka barabarani kwenda ufuoni alitembea kwa miguu au alipakiwa kwenye baiskeli.

Na wengi walishuka ufuoni. Hoteli ndizo zilizokuwa shamba letu la pili. Vijana wetu walikuwa jikoni, bustanini, langoni na kwenye vyumba vya kufulia. Kina mama walishona makuti ya kuezekea mabanda ya wageni. Wavuvi waliuza samaki kwa wapishi. Na jioni, au asubuhi wageni walipofika, walikuwapo wachezaji wa ngoma.

Fedha na bei

Mfukoni tulikuwa na sarafu na noti zenye sura ya Rais Moi, aliyekuwa madarakani tangu 22 Agosti 1978. Dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 80, na hesabu hiyo ilitugusa sisi kuliko watu wa bara, maana mgeni akija na dola, kijiji kilipata shilingi. Kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa asilimia 18. Ilishushwa hadi 16 mwaka uliofuata.

Hata hivyo, bei halisi ya maisha hapa kwetu haikuandikwa dukani. Iliandikwa katika msimu. Kuanzia Desemba hadi Machi wageni walikuwa wengi, na mwenye duka aliandika deni lako bila kukunja uso. Mvua za masika zikianza, wafanyakazi wa vibarua waliambiwa wapumzike, na unga wa sima ukapimwa kwa kikombe. Mwishoni mwa Novemba ndipo kila nyumba ilipoanza kuinua kichwa. Madeni ya mwaka mzima yalingoja Desemba.

Deni kubwa kuliko yote lilikuwa la shule. Shule za msingi zilitoza ada na michango ya namna nyingi: ya madawati, ya mitihani, ya ujenzi, ya mlinzi. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango lilikuwa jambo la kawaida tu. Darasa la nane walikuwa wamekwisha kufanya KCPE, na wazazi walikuwa wanajiuliza watapata wapi fedha za kidato cha kwanza. Jibu la wengi lilikuwa moja: msimu huu wageni wakija vizuri, tutaona.

Simu ya mkononi ilikuwa ya wachache. Kampuni zilikuwa mbili tu, Safaricom na KenCell, na hakukuwa na kutuma fedha kwa simu. M-Pesa ilikuja 2007. Aliyetaka kumpelekea mama yake fedha alizifunga kwenye bahasha na kumpa dereva wa matatu aliyemwamini. Aliyetaka kupiga simu alipanga foleni kwenye kibanda cha Telkom na sarafu zake mkononi.

Redio, kanda na kayamba

Redio ilikuwa bado mfalme. KBC Idhaa ya Taifa ilisikika kila nyumba, na waliopenda habari za dunia walifungua BBC au Sauti ya Ujerumani kwa Kiswahili. Wenye televisheni walikaribisha mtaa mzima kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Katika matatu uliokuwa ukivuma ni wimbo wa Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, uliogeuzwa kuwa wimbo wa kampeni. Uchaguzi mkuu ulikuwa 27 Desemba. Moi alikuwa anaondoka, na waliokuwa wakishindana zaidi ni Mwai Kibaki wa NARC na Uhuru Kenyatta wa KANU. Hata kwenye mazoezi ya kwaya ilibidi mwalimu aseme siasa iachwe mlangoni.

Kwaya zilijifunza nyimbo kwa kanda za kaseti, nyingi kutoka Tanzania. Kanda ilichezwa, ikarudishwa nyuma, ikachezwa tena, hadi sauti ya tatu na ya nne zikapatikana. Utepe ukitoka nje tuliuzungusha kwa kalamu. Na vyombo vyetu vilikuwa ngoma na kayamba.

Hapa tusimame kidogo. Kayamba inayotikiswa kanisani na kayamba inayotikiswa hotelini ni ile ile: matete yaliyofungwa pamoja, na ndani yake mbegu. Aliyejifunza kuitikisa kwa bibi yake kule Kaloleni au Ganze anaweza kuileta mbele ya madhabahu, na anaweza kuipeleka mbele ya wageni. Wapo waliosema ngoma ya hotelini ni ya dunia na ya kanisani ni ya Mungu. Lakini mkono ni mmoja, na mara nyingi nyumba ni moja. Dada anaimba Jumapili. Kaka yake anacheza ngoma Jumatatu ili dada apate sare ya shule.

Saa mbili na nusu

Asubuhi hiyo wageni kutoka Israeli walikuwa wamewasili kwa ndege na kuletwa kwa mabasi hadi Paradise Hotel, hapa hapa Kikambala. Kundi la wachezaji wa Kigiriama lilikuwa limejipanga mapokezini, kama lilivyofanya siku nyingine, kuwapokea kwa ngoma na nyimbo. Kuwapokea watu kwa wimbo ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Yapata saa mbili na nusu, gari lililobeba mabomu lilivunja kizuizi cha lango likaingia na kulipuka mbele ya hoteli. Paa zilikuwa za makuti na kulikuwa na upepo wa bahari. Moto ulikwenda haraka kuliko watu. Muda huo huo, makombora mawili yalirushwa karibu na uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, kuilenga ndege ya kampuni ya Arkia iliyokuwa ikiruka kurudi Tel Aviv na abiria 261. Yalikosa, na ndege ilifika salama.

Hapa kwetu hayakukosa. Mbali na washambuliaji wenyewe, watu 13 walikufa: Wakenya 10 na Waisraeli 3, wawili kati yao wakiwa watoto wa mama mmoja. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wafanyakazi wa hoteli na wachezaji wa ngoma. Makumi ya watu walijeruhiwa na kukimbizwa katika hospitali za Mombasa, kupitia daraja la Mtwapa na la Nyali, kwa gari lolote lililopatikana.

Habari za siku ile

Siku ile habari za dunia zilikuwa nyingine kabisa. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameanza tena kazi Iraki siku moja kabla, na watu walikuwa wanazungumza juu ya vita. Huko Israeli chama cha Likud kilikuwa kinapiga kura kuchagua kiongozi wake. Ghafla, kabla ya saa sita mchana, watangazaji waliokuwa hawajawahi kusikia jina letu walikuwa wanajifunza kulitamka. Baadaye kundi la al-Qaeda lilidai kuwa ndilo lililofanya.

Waliofanya hayo walisema wanatenda kwa ajili ya dini. Jirani zetu waliokuwa wamefunga siku ile hawakuwa na fungu katika jambo hilo. Walibeba majeruhi kama sisi, na misiba ilikuwa ya kijiji chote. Hili tunataka vijana wetu walishike sana.

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe 1 Desemba, mwanzo wa Majilio. Majilio ni majira ya kungoja, na kungoja kwa watu wa Kikambala mwaka ule kulikuwa na maana mbili. Kulikuwa na familia zilizongoja Mwokozi, na familia zilizongoja miili ya watu wao ili waizike.

Yaliyofuata

Desemba haikuwa ile iliyotarajiwa. Wageni walighairi safari, na madeni yaliyongoja msimu yaliendelea kungoja. Mei 2003 ndege za Uingereza zilisimamisha safari za Kenya kwa hofu ya mashambulizi, na ufuo ukazidi kuwa mtupu. Watu wa Pwani walikuwa wamekwisha kuonja hali hiyo baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997. Wengi walirudi kwenye mnazi, mkonge na nyavu.

Lakini mambo mengine yalikuja pia. Tarehe 27 Desemba watu walipanga foleni wakapiga kura kwa amani, na tarehe 30 Mwai Kibaki aliapishwa. Januari 2003 shule za msingi zikawa bila ada. Watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani waliingia darasani, na baadhi yao leo ni walimu wa kwaya hii. Kuhusu shambulio lenyewe, watu wanne walishtakiwa Nairobi, na Juni 2005 mahakama iliwaachilia. Waliofiwa walibaki na kaburi na picha.

Kwa nini tumeiandika

Yubile katika Biblia si sherehe tu. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinasema ni mwaka wa kila mtu kurudi kwa watu wake. Basi nasi tukihesabu watu wetu, tusiishie kwa waliovaa joho la kwaya. Wachezaji wale walikuwa wana wa vijiji hivi, wakiimba kwa lugha yetu, kwa kayamba yetu, wakiwakaribisha wageni, jambo ambalo Maandiko yanatuagiza sote tufanye.

Tunaiomba kamati iongeze jambo moja dogo. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na 28 Novemba, kayamba itikiswe peke yake kabla ya wimbo wa kuingilia, bila maneno, kwa ajili yao. Halitagharimu shilingi. Na mtoto atakayeuliza kwa nini kayamba inalia peke yake, mkubwa aliye karibu naye amweleze.

Mungu awape pumziko, naye aibariki yubile yetu. Amina.