Taa za Mbali na Kipimo cha Mbingu

Mtu akisimama mlimani usiku na kuona taa mbili ng'ambo ya bonde, hudhani kwamba ile hafifu ndiyo ya mbali. Asema kweli, ikiwa taa zote mbili ni sawasawa. Lakini kama mwenye moja amepunguza utambi, je? Swali hilo dogo limewasumbua wenye elimu ya nyota.

Mwaka 1927 Padri Georges Lemaître, mwalimu wa Louvain, alionyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Ilibaki kujua unapanuka kwa mwendo gani. Kusudi wapime umbali, wataalamu walichagua taa yao: nyota ndogo nyeupe, iliyokwisha zimika moto wake wa ndani, inayopata vitu kwa nyota mwenzake mpaka ikapasuka. Walihesabu kwamba nyota hizo, zikilinganishwa vema, zina mwanga mmoja. Mwaka 1998 makundi mawili yaliona zile za mbali zimefifia kupita walivyotazamia. Basi wakasema: upanuzi unazidi mbio. Kwa kazi hiyo Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Lakini taa zile zafanana kweli? Jicho halikuweza kujibu. Kuna mwanga uitwao ultravioleti: macho hayauoni, na hewa ya dunia huzuia sehemu yake kubwa. Ilifaa kupanda juu ya hewa. Satelite Swift, iliyorushwa na Wamarekani mwaka 2004, ilizitazama nyota hizo kwa mwanga huo. Mwaka 2015 Peter Milne wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walitangaza kwamba nyota zilizofanana machoni ni makundi mawili katika ultravioleti. Karibu nasi kundi moja lazidi kwa wingi. Mbali, lile jingine. Kwa hiyo huenda sehemu ya kufifia kule yatoka katika taa yenyewe, si katika umbali. Hawakukana kwamba upanuzi unazidi mbio. Walisema huenda unazidi kwa kiasi kidogo kuliko kilichohesabiwa.

Vijana wakituuliza juu ya mambo haya, tusijibu upesi kwamba elimu yageukageuka, haiaminiki. Mwuza chumvi mwaminifu huchungua mizani yake mwenyewe, hata kama hakuna mnunuzi aliyenung'unika. Wapimaji wa nyota wamefanya vivyo hivyo. Je, sisi tunaofundisha wengine, twachungua mizani yetu?