Kazi Iliyokuwa Baba na Mama
Habari za viwanda vya Likasi, jinsi vilivyoinuka na jinsi vilivyoanguka



Siku moja tuliwauliza watoto wa mafundisho ya kipaimara swali jepesi: "Baba yako anafanya kazi gani?" Wakajibu mmoja mmoja. Huyu akasema baba anachimba. Yule akasema baba anaendesha pikipiki ya kubeba watu. Wa tatu akasema: "Baba hana kazi, mama anauza unga sokoni." Kisha tukawauliza: "Na babu yako, je?" Hapo karibu wote waliitikia neno moja: "Gécamines."

Jibu hilo lilitukaa moyoni. Babu alikuwa na mshahara, na nyumba ya matofali, na karatasi ya kuingia hospitali. Mjukuu wake anaamka asubuhi asijue atakula nini jioni. Imekuwaje? Wengine husema ni laana. Wengine husema ni bahati mbaya. Lakini mambo ya watu yana sababu zake, na mwenye kuzitafuta huziona. Basi, tuzitafute pamoja.

1. Shaba ilikuwako kabla ya kampuni

Tusidhani kwamba shaba ya Katanga iligunduliwa na wageni. Wazee wetu waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla yao. Waliokuwa mafundi wa kazi hiyo waliitwa wala shaba, maana shaba ndiyo iliyowalisha. Waliifua ikawa misalaba midogo, na misalaba hiyo ilikwenda mbali sana kama fedha ya kununulia vitu na kutolea mahari.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 tanuru la huko lilitoa shaba ya kwanza. Kisha reli ikasogea hata kwetu. Panda pakajengwa kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba katika miaka ya 1920, na Shituru mwaka 1929 kiwanda cha kutoa shaba kwa nguvu ya umeme. Umeme ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira, pale Mwadingusha, tangu mwaka 1930. Mji wetu ukapewa jina la Jadotville, kwa ajili ya Jean Jadot, Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakubwa walioianzisha kampuni. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966.

2. Kampuni yawa mlezi

Mwanzoni wafanyakazi waliletwa kwa miezi michache tu, wakakaa kama wapita njia. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengi walitoroka. Kampuni iliona hasara: leo inamfundisha mtu kazi, kesho ameondoka. Ndipo tangu mwaka 1928 ikabadili desturi yake. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikataka mfanyakazi aje na mke wake, azae watoto wake kambini na kukaa. Watu waliandikwa kutoka Kasai, na Lomami, na hata Ruanda na Urundi.

Ndivyo kambi zilivyozaliwa. Mfanyakazi alipewa nyumba. Kila juma mama alikwenda kupokea posho: unga, maharagwe, samaki, mafuta, chumvi. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akapimwa uzito na kampuni, akasoma katika shule ya kambi iliyokuwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto, na akikua aliingia kazini mwa baba yake. King'ora cha kiwanda kiliamsha mji mzima. Ndipo watu wakawa na usemi wao: Kazi njo baba, njo mama.

Tusilisahau jambo moja hapa. Mlezi huyo alikuwa na mkono mzito. Mnamo Desemba 1941, wakati wa vita kuu, vitu vilikuwa ghali na mishahara midogo. Wafanyakazi wakagoma, hapa Jadotville na kule Elisabethville. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika uwanjani Elisabethville, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao akauawa, yeye na wengine wengi. Baba wa namna hiyo alilisha wana wake, lakini hakupenda waseme.

3. Watu wa kati

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 na miaka ya vita vya kujitenga kwa Katanga, serikali iliitwaa kampuni. Tangu Januari 1967 ilikuwa mali ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kazi iliendelea. Wakongo wakapanda vyeo, wakawa mafundi wakubwa, makarani, waganga, wahandisi. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000 katika miaka ya 1980, na kila mmoja alilisha nyumba nzima yenye watoto, na mashangazi, na wapwa waliotoka kijijini kuja kusoma.

Hao ndio waliokuwa watu wa kati wa mji wetu. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa maskini. Waliweza kununua baiskeli au redio, kumsomesha mtoto hata chuo kikuu, kutoa sadaka Jumapili bila kuhesabu mara mbili. Seremala, mshona nguo, mwenye duka la mkate, wote waliishi kwa mshahara wa mwenzao wa kiwandani. Mwisho wa mwezi soko lilijaa.

Walakini palikuwa na kasoro iliyojificha. Nyumba haikuwa ya mfanyakazi, ilikuwa ya kampuni. Shule vilevile, hospitali vilevile, hata unga mezani. Mtu aliyekuwa na kila kitu kwa mkono wa mwingine alionekana tajiri mradi mkono ule ulikuwa wazi.

4. Jinsi ulivyofungwa

Kiwanda hakikuanguka kwa siku moja. Tuhesabu sababu zake.

Kwanza, bei ya shaba duniani ilishuka sana mwaka 1975, na wakati huohuo mafuta ya petroli yalikuwa yamepanda. Pili, mwaka huohuo vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, iliyokuwa njia fupi ya kupeleka shaba baharini. Ikabidi mizigo izunguke mbali, kwa gharama kubwa. Tatu, na hii ndiyo tunayoiona kuwa nzito kuliko zote, fedha za shaba hazikurudi kwenye shaba. Serikali ya Mobutu ilichota humo kama mtu anayekamua ng'ombe kila siku asimpe majani. Mashine zilizeeka. Vipuri havikununuliwa.

Hata hivyo mwaka 1986 kampuni ilitoa bado tani karibu 476,000 za shaba. Watu wakaona kazi imesimama imara, kumbe ndani palikuwa pamekwisha kuoza. Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka chini ya ardhi. Mwaka 1991 askari na raia walipora maduka na karakana katika miji mingi ya nchi. Mwaka 1993 tani za shaba hazikufika 50,000. Yaani katika miaka saba, kumi ilikuwa imebaki moja.

5. Jirani ageuzwa adui

Sasa twafika mahali pa aibu, na si halali kupapita kimya.

Mkate ulipopungua, watu walitafuta wa kumlaumu. Wenye mashine zilizoharibika hawakuonekana, na wenye kuchota fedha walikuwa mbali. Aliyeonekana ni jirani. Wanasiasa wakasimama wakasema kwamba kazi za Wakatanga zimechukuliwa na watu wa Kasai. Kuanzia Agosti 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi, na baadaye Kolwezi. Walikuwa maelfu kwa maelfu. Walikaa kwenye stesheni yetu na katika shule, majuma na miezi, wakingoja gari moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufa wakingoja, na wengine walikufa njiani.

Tukumbuke walikujaje huku. Babu zao walikuja kwa kuwa kampuni ilikwenda kuwaandika. Walizaliwa hapa, walibatizwa hapa, waliimba nasi katika kwaya moja. Baada ya kuondoka kwao, je, kazi ziliongezeka? Hasha. Mafundi wengi walikuwa wamekwenda, na mashine zilizobaki zikakosa wa kuzishika. Aliyemfukuza jirani yake hakupata mkate wake; alipata nyumba tupu na mji maskini kuliko kwanza.

6. Hata Marekani

Pengine mtu atasema: mambo haya ni ya Afrika tu. Sivyo. Yatazameni Marekani, nchi yenye viwanda vingi kuliko zote katika siku za babu zetu. Mwaka 1979 Wamarekani milioni 19 na nusu hivi walifanya kazi viwandani. Mwaka 2010 walikuwa wamebaki karibu milioni 11 na nusu. Katika mji wa Youngstown, tarehe 19 Septemba 1977, kampuni moja ya chuma ilitangaza kwamba itafunga kiwanda chake, na watu kwa maelfu walipoteza kazi. Detroit, mji wa motokaa, ulipungukiwa na watu mpaka mitaa mizima ikabaki magofu.

Huko nako sababu zilikuwa nyingi: mashine zilishika kazi za mikono ya watu, bidhaa za ng'ambo ziliingia kwa bei nafuu, wenye mali walihamisha viwanda kwenda penye mshahara mdogo. Na huko nako baba aliyezoea kuleta mshahara alikaa nyumbani ameinamisha kichwa, na wengine wakamkasirikia mgeni.

Lakini kuna tofauti moja. Kiwanda cha Youngstown kiliondoka kwa kuwa chuma kiliweza kutengenezwa kwingine. Shaba yetu haikuondoka. Bado iko chini ya miguu yetu.

7. Shaba imerudi, je, baba amerudi?

Mwaka 2002 nchi ilipata sheria mpya ya migodi, na kampuni za kigeni zikakaribishwa. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa Départs Volontaires, maana yake kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekwisha kukaa miezi mingi bila mshahara. Mtu mwenye njaa akiwekewa fedha mezani, hiari yake ni ndogo. Wengine walinunua gari la biashara likaharibika, wengine walilipa madeni, wengine walizika. Kwa miaka mingi walidai kwamba walichopewa hakikulingana na kazi yao.

Wana wao waliingia mashimoni kwa sururu na mfuko. Hapo Shinkolobwe, karibu nasi, ndipo ilipotoka urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Serikali iliyafunga machimbo hayo mwanzoni mwa mwaka 2004. Hata hivyo watu walizidi kuchimba, na Julai mwaka huohuo udongo uliwaporomokea ukawaua.

Tangu hapo shaba imeongezeka kwa ajabu. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 2, mara nne na zaidi ya zile za mwaka 1986. Basi mbona watu wa kati hawajarudi? Kwa sababu tani si mishahara. Mashine za leo zataka watu wachache. Wengi wa hao wachache huandikwa kwa miezi michache na kampuni ndogo za katikati, kama vile wapita njia wa kabla ya mwaka 1928. Tumezunguka karibu miaka mia, tukarudi mahali palepale.

Neno la mwisho

Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaomtosha mfanyakazi kuishi vema, tena apate kuweka akiba na kuwa na mali yake mwenyewe. Wazee wetu walipata sehemu ya kwanza. Ya pili hawakupewa, nasi hatukuidai. Hilo ndilo funzo la Likasi.

Tusikae basi tukimngoja baba wa zamani arudi na posho yake. Kijana akipata kazi, aulize mkataba wake umeandikwa kwa muda gani, ausome kabla ya kutia sahihi. Akipata mshahara, kwanza atafute kiwanja chake, hata kama ni kidogo. Wachimbaji na wauzaji waungane, wawe na daftari moja na sauti moja. Na siku mwanasiasa atakaposimama na kutuonyesha jirani kwa kidole, akisema huyu ndiye aliyekula mkate wenu, tuikumbuke stesheni yetu na waliolala pale mwaka 1992. Tumwulize: fedha za shaba ziko wapi?

Watoto wa kipaimara bado wanatuuliza kama kazi itarudi. Tunawaambia: shaba iko. Kazi njema itakuwako siku watu wa mji huu watakapokuwa na neno juu yake.