Mkojo wa mtoto hufichua floraidi kabla ya meno

MIAMBA ya volkano iliyowapa wakazi wa Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ardhi yenye rutuba ndiyo pia inayotia madini ya floraidi katika chemchemi, visima na mito yao. Wengi waliokulia huko hutambulika kwa meno ya kahawia. Waliozidiwa zaidi hupata maumivu ya mifupa, na baadhi ya watoto huota matege.

Lakini meno hutoa taarifa muda ukiwa umekwisha kupita. Meno ya mbele ya utu uzima huanza kujengeka ndani ya ufizi tangu uchanga, nayo huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita au saba. Doa linaloonekana siku hiyo limetokana na maji aliyokunywa miaka kadhaa nyuma, na hakuna mswaki utakaolifuta.

Mkojo, kwa upande wake, hueleza habari za jana na leo. Floraidi inayoingia katika damu ama huhifadhiwa katika mifupa na meno, ama hutolewa na figo. Mtu mzima hutoa zaidi ya nusu. Mtoto, ambaye mifupa yake bado inakua, hutoa chini ya nusu. Kwa kujua kiasi kilichotoka, wataalamu hukadiria kiasi kilichoingia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwongozo wa upimaji huo mwaka 2014.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni cha saa 24. Asubuhi mtoto hukojoa, mkojo huo humwagwa na saa huandikwa. Kuanzia hapo kila tone hukusanywa katika chombo cha plastiki hadi asubuhi ya pili, pamoja na mkojo wa kwanza wa siku hiyo. Maabara hupima ujazo wote na wingi wa floraidi katika kila lita.

Maabara si sehemu ngumu ya kazi hii. Ugumu uko nyumbani na shuleni, kwani mtoto wa miaka minne akijisaidia nyuma ya mgomba mara moja tu, hesabu ya siku nzima huharibika. Bila mama, bibi au mwalimu wa chekechea kuelewa sababu ya zoezi hilo, takwimu zitakazopatikana hazitakuwa na maana.

Matokeo hutumika kulitazama kundi la watoto wa kijiji au shule, si kumpa mtoto mmoja hukumu. Utoaji wa floraidi hubadilika kwa chakula na hali ya mwili. Mkojo wenye tindikali nyingi, kwa mfano, hutoa floraidi kidogo zaidi.

Kwa nini basi maji yasipimwe tu? WHO inapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, ingawa Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Mtoto wa kilo 15 anayekunywa lita moja ya maji yenye miligramu 4 humeza zaidi ya mara tano ya miligramu 0.75, kiasi ambacho wataalamu wengi wamekiona kinamtosha kwa siku.

Hata hivyo, maji si njia pekee. Magadi yanayolainisha maharage na makande huweza kuwa na floraidi nyingi, na watoto wadogo humeza dawa ya meno. Hayo yote hukutana katika mkojo.

Kipimo hicho hufichua pia chujio lililochoka. Mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, huondoa floraidi hadi nguvu yake iishe, lakini maji yanayotoka baada ya hapo hubaki na sura na ladha ile ile. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi ikabaki sufuriani. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi kabisa.