Mistari ya Lagrange chini ya Kilimanjaro

Chemchemi ya Nolturesh iko karibu na Loitokitok, katika kaunti ya Kajiado, Kenya. Kutoka hapo maji husafirishwa kwa bomba zaidi ya kilomita 100 hadi Athi River na Machakos. Safari ya bombani ina ramani. Ile iliyoitangulia, ya mvua ya msituni iliyopenya nyufa za mawe ya volkano, haionekani kwa macho. Hesabu ya kuchora safari za namna hiyo ilizaliwa Berlin mwaka 1781.

Aliyeitunga ni Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin. Maji yakitiririka kwenye bapa, kila nukta ina kasi ya kwenda mbele na ya kwenda kando. Lagrange aliona kwamba, kwa kuwa maji hayashindiliki, namba moja yatosha kubeba kasi zote mbili. Leo tunaiita fanksheni ya mkondo. Unganisha nukta zenye namba sawa, utapata mstari ambao maji huufuata wala hayauvuki. Toa namba ya mstari mmoja kwenye ya jirani yake, utajua ni maji kiasi gani yanapita katikati. Mistari ikisongamana, hapo maji yanakimbia.

Mwanahisabati Stokes aliipanua fanksheni hiyo mwaka 1842, lakini ilibaki mali ya wasomi. Aliyeifungulia njia ya kuingia ardhini ni Henry Darcy, mhandisi wa maji wa Dijon, ambaye mwaka 1856 alichapisha kanuni ya maji yanavyopita mchangani. Baadaye Forchheimer wa Austria alianza kuchora wavu wa mistari ya Lagrange chini ya mabwawa, kazi ya penseli na raba nyingi. Mhandisi Casagrande akaieneza Marekani mwaka 1937.

Angani nako fanksheni hiyo ilifika: Zhukovsky wa Urusi aliitumia kuchora maumbo ya mabawa, na mapanga ya mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, hapohapo Kajiado, yamo katika ukoo huo.

Mimi bado navutiwa zaidi na maji ya chini. Misitu inayokinga mvua ya Kilimanjaro iko Tanzania. Nolturesh iko Kenya. Mpaka uliotokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 haumo kwenye fanksheni ya Lagrange. Tena mlima si bapa, na nyufa za volkano si mchanga wa Darcy. Anayetaka mistari ya kuaminika atahitaji vina vya maji visimani pande zote mbili za mpaka, Rombo ya Kenya na Rombo ya Tanzania pia.