Jumatatu Ilivyoingia Kwenye Java

Kwenye kipindi tuliongelea programu za kuwatengenezea wazazi: daftari la mchezo wa kina mama, kalenda ya harusi na misiba, vitu vya kufungua kwenye kompyuta ya nyumbani hapa Birmingham bila intaneti. Kama umechagua Java, jua historia yake kidogo, maana ndiyo inayoamua mama ataona neno gani kwenye skrini.

Sun waliitoa Java mwaka 1995. AWT ya 1996 iliazima vitufe vya mfumo wa kompyuta yenyewe. Swing, iliyoingia na toleo la 1.2 mwaka 1998, ikajichorea vyake. Kiswahili kilisubiri sana. Hata kwenye Java 8 ya 2014, ukiomba jina la siku kwa Kiswahili ulipewa "Monday". Majina yetu yalikuwemo ndani, kwenye hazina ya lugha iitwayo CLDR, ila ilibidi uiwashe mwenyewe.

Na siyo kwamba watu walikuwa wamelala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili.

Java 9, Septemba 2017, ikaifanya CLDR kuwa chaguo la kwanza. Tangu hapo Jumatatu inatoka yenyewe. Mwaka uliofuata JavaFX ikaondolewa kwenye JDK ya Oracle, kwa hiyo ukiitaka unaiongeza kando. Swing bado imo.

Basi, sakinisha JDK 17 au 21, elekeza JAVA_HOME huko, halafu weka lugha ya programu iwe "sw". Ukitengeneza kifurushi kidogo kwa jlink, ongeza moduli ya jdk.localedata. Ukiisahau, kwako Jumatatu itaonekana, lakini kwa mama haitatokea, tena bila onyo lolote.

Mengine ni juu yako. "Yes" na "No" za Swing hazijatafsiriwa. Na Java haijui saa moja asubuhi, inaandika 7:00. Kutoa sita, au kuongeza sita, ni kazi ya mtu aliyekulia kati ya saa hizo mbili. Yaani sisi.