Tai Chi na hesabu ya uzito: kumkinga mzee wako asianguke

Mzee anapoanguka nyumbani, mara nyingi hakuwa anakimbia. Aligeuka kuchukua kikombe, au alitoka chooni usiku, na uzito wa mwili ulikuwa bado uko kwenye mguu aliotaka kuuinua. Tai Chi, mazoezi ya polepole yenye asili ya China, humzoesha kujua uzito uko mguu upi kabla hajapiga hatua.

Mguu unaobeba mwili huitwa "uliojaa", wa pili "mtupu". Chukulia mwili wote ni 100. Mguu wa kulia ukibeba 70, wa kushoto umebaki na 30. Ukiongeza huku, kule kunapungua, jumla ni ileile. Mguu uinuliwe ukifika sifuri tu. Wengi wetu (hata mimi nikiwa na haraka kliniki) tunauinua ukiwa bado na 20, kisha tunadondokea hatua.

Wachina wa kale walikuwa na michoro ya mistari mitatu, kila mstari mzima au uliokatika: 2 × 2 × 2, yaani michoro 8. Mwaka 1703 mwanahisabati Leibniz aliona inafanana na hesabu yake ya 0 na 1, ambayo leo inaendesha simu yako. Tai Chi nayo ina mbinu 8 za mikono na njia 5 za kukanyaga, jumla 13. Huhitaji kuzikariri. Na anayekuuzia "namba za siri za uponyaji", mpite.

Kinachosaidia ni kurudia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 huko Oregon, Marekani, wagonjwa 195 wa Parkinson waligawanywa makundi matatu, wakafanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya Tai Chi walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Anza hivi: bibi asimame nyuma ya kiti kizito, akishika mgongo wa kiti, miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea. Ahamishie uzito kulia mkihesabu hadi 4, kisha kushoto vivyo hivyo. Wewe simama karibu naye. Akizoea, ainue kisigino cha mguu mtupu, si zaidi.

Kama hupata kizunguzungu akisimama, au ameanguka karibuni, mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe presha. Beba dawa zake zote.